Mchezo wa timu, wanafunzi vinara, takwimu za kweli au watazamaji: shule yako itumie shinikizo lipi la rika?

Uongozi wa shule ukiamua kuwatumia wanafunzi kurekebisha tabia za wenzao, mara nyingi hukimbilia kilicho karibu. Viranja wanaitwa, wanahimizwa kuwa mfano bora, wanarudishwa darasani. Wiki tatu zikipita bila badiliko, walimu huhitimisha kwamba rika huvuta watoto kwenye mabaya tu. Hitimisho hilo linaumiza, kwa sababu nguvu inayomfundisha kijana kuvuta sigara nyuma ya vyoo ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumwachisha. Kinachokosewa ni kuchukua njia isiyolingana na tabia.

Njia nne zimejaribiwa vya kutosha kiasi cha kulinganishwa. Kabla ya kuchagua, jiulize: tabia hii hufanyika mbele ya macho ya nani? Kelele hufanyika mbele ya darasa zima. Ugomvi na sigara hufanyika mbele ya kikundi cha marafiki. Pombe na udanganyifu kwenye mitihani hufanyika pembeni, mtu akiamini kwamba kila mmoja anafanya. Uonevu hufanyika mbele ya watazamaji walionyamaza. Shinikizo linakaa kwenye macho hayo, na njia inayofaa ni ile inayoyageuza.

| Njia | Tabia inayoifaa | Umri | Huharibiwa na nini |
|---|---|---|---|
| Mchezo wa timu | Kelele, kuzurura darasani, kazi kutokamilika | Miaka 6–12 | Adhabu ya kundi |
| Wanafunzi vinara | Ugomvi, kejeli, sigara | Miaka 11–17 | Vinara kuteuliwa na walimu |
| Takwimu za kweli | Mambo yanayofichwa | Miaka 13 na zaidi | Takwimu isiyoaminika |
| Watazamaji | Uonevu | Umri wote | Kuwabebesha watoto hatari |

Mchezo wa timu

Mchezo huu ulielezwa mwaka 1969 na watafiti Barrish, Saunders na Wolf, walioujaribu katika darasa la nne nchini Marekani. Darasa liligawanywa timu mbili. Kila mwanafunzi aliyevunja kanuni aliiletea timu yake alama ubaoni. Timu yenye alama chache ilishinda, na zote mbili zikibaki chini ya kiwango kilichowekwa, zote zilishinda. Zawadi zilikuwa vitu kama kutangulia kwenye foleni ya chakula na muda wa shughuli za kujichagulia mwisho wa siku. Miaka ya 1980 watafiti wakiongozwa na Sheppard Kellam waliupeleka katika madarasa ya kwanza na ya pili jijini Baltimore, wakawafuatilia watoto hadi utu uzima. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wavulana waliokuwa wakorofi tangu mwanzo: matatizo ya dawa za kulevya yalikuwa machache kwao kuliko kwa wenzao ambao hawakuucheza.

Namna ya kuanza ni nyepesi. Andika kanuni tatu au nne zinazoonekana kwa macho: kunyoosha mkono kabla ya kuongea, kukaa kwenye kiti, kumaliza kazi uliyopewa. "Kuwa na adabu" si kanuni, kwa sababu watoto watabishana ilivunjwa lini. Unda timu tatu hadi tano, na wakorofi uwagawe, asikae zaidi ya mmoja au wawili kwenye timu moja. Anza na dakika 10, mara tatu kwa wiki, kwenye kipindi chenye kelele za kawaida. Usianzie kwenye kipindi kinachokushinda kabisa. Weka kiwango, tuseme alama 4, na kila timu isiyokivuka imeshinda. Anayevunja kanuni, taja timu na kosa kwa sauti ya kawaida, usitaje jina: "Timu ya pili, alama moja, kuongea bila kunyoosha mkono. Timu ya kwanza na ya tatu, asanteni." Kisha endelea na somo. Mwalimu akisimama kukaripia, mchezo umegeuka kuwa hotuba na mkorofi amepata jukwaa.

Ongeza muda hadi dakika 20, halafu 30, kisha ucheze siku usizotangaza, ili tabia isifungwe na saa ya mchezo.

Mambo mawili ndiyo huuharibu zaidi. La kwanza ni mshindi mmoja. Timu iliyotangulia kupata alama nyingi hujua imeshindwa, ikaacha kujitahidi kwa dakika zote zilizobaki. Ndiyo maana kiwango ni bora kuliko ushindani. La pili ni mtoto anayeiangusha timu yake kwa makusudi. Hili lilijitokeza hata kwenye jaribio la 1969, kwa wanafunzi wawili waliotangaza kwamba hawachezi tena, na alama zao zikaondolewa kwenye hesabu ya timu. Fanya hivyo hivyo, kimya kimya: mhesabie peke yake kwa siku chache, kisha mrudishe.

Na hapa msimamo wetu ni mkali: kunyima ni tofauti na kutozawadia. Timu iliyovuka kiwango hukosa zawadi ya ziada, basi. Ukilinyima darasa zima mapumziko kwa kosa la mtoto mmoja, umewakabidhi watoto 40 sababu ya kumwinda yule mmoja njiani. Hakuna mwalimu anayeona kinachotokea huko.

Kwa madarasa yaliyoanza kuuona mchezo wa alama kuwa wa kitoto, kuna ndugu yake wa upande wa pili: kadi za wema. Kila mwanafunzi hupata kadi ndogo na kuandika jambo jema aliloona mwenzake akifanya, kwa sharti la mambo matatu: nani, alifanya nini, alimfanyia nani. "Asha ni mzuri" inarudishwa. "Asha alimwazima Juma kalamu wakati wa jaribio" inaingia kwenye kisanduku. Mwalimu husoma tano kila mwisho wa siku, na darasa likifikisha idadi iliyokubaliwa, kwa mfano kadi 100, wote wanapata zawadi moja. Marafiki wataandikiana, hilo ni la kawaida. La hatari ni mtoto asiyetajwa kabisa. Weka orodha ya darasa kwenye daftari lako na utie alama kila jina linapotokea. Ambaye wiki mbili zimepita bila kutajwa, mpe kazi inayoonekana na wenzake: kugawa vitabu, kumsaidia mgeni. Usimwandikie kadi wewe. Watoto huutambua mwandiko wa mwalimu upesi kuliko tunavyodhani.

Wanafunzi vinara

Njia hii ina nguvu kuliko zote kwa vijana, na ndiyo inayoharibiwa mara nyingi zaidi, kwa sababu inadai walimu waachie kitu ambacho hawapendi kukiachia: uteuzi.

Kinara ni mwanafunzi ambaye wenzake humtazama kabla ya kuamua jambo lipi ni la kuchekesha, lipi ni la aibu. Anaweza kuwa kiranja. Mara nyingi siye. Mpango wa kuzuia uvutaji sigara uliojaribiwa katika shule 59 za England na Wales, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008, uliwapata vinara kwa kuwauliza wanafunzi wa miaka 12 na 13 wenyewe: unamheshimu nani katika kidato chako, nani ni kiongozi mzuri kwenye michezo au shughuli za kikundi, nani unamtazama kama mfano? Waliotajwa zaidi, asilimia 17.5 ya kidato, walialikwa, ili wakishachujwa na ridhaa za wazazi na kukataa kwao wenyewe, angalau asilimia 15 wabaki. Walipewa mafunzo ya siku mbili nje ya shule, kisha kwa wiki 10 wakazungumza na wenzao kwa njia ya kawaida: kwenye foleni, njiani, uwanjani. Hawakuhutubia. Katika kipindi cha miaka miwili ya ufuatiliaji, uvutaji ulikuwa mdogo kuliko shule za kulinganishia.

Jaribio la pili ni la New Jersey, Marekani, mwaka wa masomo 2012–2013, katika shule 56 zenye wanafunzi 24,191. Kila mwanafunzi aliombwa kutaja wenzake wasiozidi 10 aliokaa nao wiki za karibuni, na kwa majina hayo ramani ya urafiki ya shule nzima ikachorwa. Kwenye nusu ya shule, kikundi kidogo cha wanafunzi kilikutana na mtu mzima mmoja mara moja kila wiki mbili kujadili ugomvi waliouona wao, na wakaamua wao waufanyie nini. Walitengeneza mabango yenye picha zao. Waliwapa mikanda ya mkononi ya rangi ya machungwa wenzao walioonekana wakifanya jema. Kesi za nidhamu zilizohusu ugomvi zilipungua kwa asilimia 25 katika mwaka huo, na upungufu ulikuwa mkubwa zaidi pale kikundi kilipokuwa na wengi wenye mvuto.

Kwa kidato cha wanafunzi 120, hesabu inakuja hivi: asilimia 17.5 ni waalikwa 21, asilimia 15 ni vinara 18. Gawa karatasi kipindi kimoja, wote kwa wakati mmoja, wasijue ni za nini zaidi ya "tunataka kuwafahamu". Usiweke kikomo kifupi cha majina. Ukiomba jina moja tu, utapata bingwa wa mpira na rafiki zake. Hesabu kwa kuweka kistari mbele ya kila jina kila linapotajwa. Kisha angalia kitu ambacho hesabu tupu haionyeshi: je, kila kikundi cha urafiki kina mtu? Vinara 18 wote wakitoka mkondo mmoja, bweni moja au jinsia moja, nusu ya kidato haina wa kumtazama. Shuka chini ya orodha umwongeze mwenye kura nyingi kutoka upande uliosahaulika.

Wakati huo orodha itafika ofisi ya walimu, na mtu atachukua kalamu nyekundu. "Huyu? Haiwezekani, wiki iliyopita tu alifukuzwa darasani." Hapo ndipo mpango mzima unapoamuliwa. Ukimkata, ushawishi wake haujaondoka. Umeuacha upande wa pili. Mwache, isipokuwa kama amewahi kumuumiza mtu ambaye atalazimika kukaa naye chumba kimoja.

Ila usiwajaze wakorofi watupu. Mwaka 1999 watafiti Dishion, McCord na Poulin walionyesha kwamba kuwakusanya vijana wenye matatizo ya tabia kwenye kundi lao peke yao kunaweza kuongeza matatizo hayo. Mmoja anasimulia alichofanya, wengine wanacheka, na kicheko kile ndicho malipo. Sisi huona theluthi moja kuwa kikomo cha busara. Shule nyingi zenye "klabu ya nidhamu" inayokusanya kila aliyeitwa ofisini zinajenga shule ya ukorofi bila kujua, tena kwa nia njema.

Makosa mengine matatu:

Kuwafanya majasusi. Kinara akipeleka jina moja tu ofisini, habari hufika uwanjani kabla ya mapumziko, na tangu hapo hakuna atakayezungumza mbele yake. Waambie siku ya kwanza: hatutawauliza majina kamwe. Kuna hali moja tu tofauti, nayo waisikie mapema: maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mtoto akiguswa vibaya, wanamwambia mtu mzima siku hiyo hiyo.

Kuwaandikia maneno. Mwalimu anayesahihisha bango mpaka likasomeka kama tangazo la ofisi ameliua. Sahihisha uongo na matusi tu.

Kumvua hadharani kinara aliyekosea. Atakosea, maana ni kijana. Apewe adhabu ya kawaida kama mwanafunzi yeyote, na kikao kijacho aje. Akirudi na kusema mbele ya wenzake "nilikosea", amefanya kazi ambayo mabango kumi hayaiwezi.

Takwimu za kweli

Mwaka 1986 watafiti Perkins na Berkowitz walionyesha kwamba wanafunzi wa chuo Marekani waliamini wenzao wanaunga mkono unywaji pombe kuliko ilivyokuwa kweli. Anayedhani wote wanakunywa hujiona mshamba asipokunywa. Dawa iliyopendekezwa ni kuuliza, kuhesabu na kutangaza ukweli. Perkins huyo huyo na wenzake waliitumia kwa uonevu katika shule tano za New Jersey, wakachapisha mwaka 2011: mabango yaliyoeleza wengi wanafanya nini kwa kweli yaliendana na kupungua kwa uonevu.

Hojaji huwa fupi, bila jina, na kila swali huenda kwa jozi. "Katika siku 30 zilizopita, ulinakili kazi ya mwenzako mara ngapi?" Kisha: "Unadhani wanafunzi wengi wa kidato chako walinakili mara ngapi?" Pengo kati ya majibu mawili ndilo mtaji wako. Pasipo na pengo, au wengi wakiwa kweli wananakili, njia hii haifai kwa tabia hiyo. Usipambe namba. Wanafunzi wanaishi pamoja saa nane kwa siku, na bango la uongo watalichana.

Mara nyingine tabia ni mbaya lakini maoni ni mazuri: wengi wananakili, na wengi hao hao wanasema hawapendi. Hapo tangaza maoni.

Kuna sentensi ambayo husikika kwenye paredi za asubuhi karibu kila shule: "Wengi wenu mnachelewa!" Hiyo ni takwimu ya rika iliyogeuzwa kichwa chini. Anayewahi anasikia kwamba yuko peke yake; anayechelewa anasikia kwamba yuko na wenzake. Katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walijaribu kibao kilichosema wageni wengi waliopita wameondoka na mbao zilizogeuka mawe, na wizi ukaongezeka. Mwalimu wa zamu ahesabu langoni, kisha aseme namba: "Kengele ilipogonga, wanafunzi 412 kati ya 460 walikuwa wameshaingia." Wale 48 wamesikia vizuri, na hakuna aliyetukanwa.

Lakini mtu aliye bora kuliko wastani naye husikia namba. Utafiti wa matumizi ya umeme uliofanyika California na kuchapishwa mwaka 2007 uliona kaya zilizotumia kidogo zikiongeza matumizi baada ya kuambiwa wastani. Alama ndogo ya uso wenye tabasamu pembeni ya namba ilizuia hilo. Kwa hiyo usitoe namba tupu. Ongeza neno la kuikubali tabia yenyewe.

Njia hii ni nafuu, na matokeo yake yanayumba: tathmini kubwa ya vyuo vya Marekani ya mwaka 2003 haikuona unywaji ukipungua kwa sababu yake. Tusingeitumia peke yake. Na usichapishe matokeo ya darasa lenye wanafunzi wachache. Kati ya 20, wale wawili waliojibu tofauti watatafutwa kwa majina.

Watazamaji

Watafiti wa Kanada waliorekodi viwanja vya shule kwa kamera na vipaza sauti waliona kwamba mwenzao alipoingilia, zaidi ya nusu ya nyakati uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Nchini Finland, mtafiti Christina Salmivalli na wenzake walibainisha mwaka 1996 nafasi ambazo darasa zima huchukua: kuna anayeonea, anayemsaidia, anayechekelea, anayekaa pembeni na anayetetea. KiVa, mpango wa kupinga uonevu wa Chuo Kikuu cha Turku nchini humo, umejengwa juu ya wazo hilo, kwamba anayechekelea akiacha kucheka, mwonevu amekosa hadhira.

Usiwaambie watoto "teteeni wenzenu" ukaishia hapo. Wafanyishe mazoezi ya matendo madogo, kwa vitendo, wawili wawili, kuanzia jepesi: kutocheka, kuondoka na rafiki mmoja, kumwita anayeonewa kwa jambo jingine, "twende, tumebakiza nafasi yako", kumfuata baadaye na kumwambia "nimeona, haikuwa sawa". Hili la mwisho linawezwa hata na mtoto mwoga, nalo humwondolea aliyeonewa lile jeraha la kudhani wote walikubaliana. Mmoja akianza, wa pili hupata ujasiri. Mwanasaikolojia Solomon Asch alilionyesha hilo miaka ya 1950: kundi zima likitoa jibu la uongo, mshirika mmoja tu mwenye jibu la kweli hupunguza sana mtu kulifuata kundi.

KiVa huongeza kikundi cha wanafunzi wawili hadi wanne wanaoheshimika darasani, wanaoombwa kumsaidia aliyeonewa. Wape kazi ya kupimika, kama kukaa naye wakati wa chakula wiki hii, kisha muulizane wiki ijayo.

Mipaka ni miwili. Kwenye mapigano, silaha, au mtu mzima akihusika, kazi ya mtoto ni kukimbia kuita msaada. Na wanafunzi wasisuluhishe kati ya mwonevu na aliyeonewa. Usuluhishi ni wa walio sawa nguvu. Hapa unamlazimisha mnyonge kujadiliana na anayemtisha.

Ukibaki na chaguo moja

Shule ya msingi yenye madarasa makubwa ianze na mchezo wa timu, darasa moja au mawili kwanza. Shule ya sekondari yenye mtu mzima mmoja anayeweza kutoa dakika 45 kila wiki mbili, mwaka mzima, ichukue vinara. Asipokuwepo mtu huyo, msianze. Kikundi kilichoachwa katikati ya muhula hufundisha shule nzima kwamba jambo lile lilikuwa maneno. Uonevu wa mtoto mmoja anayejulikana hausubiri mpango: anza na watazamaji wiki hii, pamoja na hatua za kawaida za walimu. Takwimu ziwe msaidizi wa vinara, maana bango lenye namba ya kweli na sura ya mwanafunzi anayependwa lina uzito kuliko kimoja kati ya hivyo.

Kabla ya yote, hesabu kwa wiki mbili bila kubadilisha chochote: kesi kwenye daftari la nidhamu, waliochelewa, kazi zisizokamilika. Kisha hesabu hivyo hivyo baada ya wiki sita. Tazama pia mambo mawili ambayo daftari halionyeshi: je, yupo mtoto anayelaumiwa na wenzake kuliko zamani, na je, yupo aliyeanza kukaa peke yake? Ukimwona hata mmoja, simamisha mpango siku hiyo hiyo, hata kama namba zote nyingine zimeshuka.